Kabla hujailaumu bureti, pima kwanza maji yako

Haya ni maongezi niliyoyatoa Ujiji kwa vijana wa kemia, walimu wao na kina mama wa sabuni. Wengi mlikosa sababu ya mvua mkawa mnaomba, kwahiyo nimeandika kama yalivyotoka mdomoni. Slaidi nimeziacha, hazikuwa na maana sana hata siku yenyewe maana umeme ulikatika.

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na nyie mliokaa kule karibu na mlango ili nikimaliza tu mtoke mbio, habari zenu pia. Walimu wakubwa zangu shikamooni. Mama zangu wa sabuni karibuni sana, najua mlipofika mkaona yunifomu mkadhani mmekosea ukumbi, hamjakosea, ni mimi niliyewaita na mbele huko mtaona kwa nini.

Leo naongelea taitresheni. Nasikia mmeguna. Kwa nini mnaguna? Mbona hii ndio praktiko ya kistaarabu kuliko zote, haina moshi, haina harufu ya mayai viza, haina ile ya kukisia chumvi gani imo kwenye spesimeni. Una kimiminika hujui nguvu yake, una kingine nguvu yake unaijua, unavikutanisha taratibu kwa bureti, ule mrija mrefu wenye mistari na kibomba chini, mpaka rangi inageuka, unasoma umetumia kiasi gani, unakaa chini unapiga hesabu. Basi, imeisha hiyo. Sasa kama imeisha hapo mbona kila mwaka watu wanatoka lab wanalia?

Walimu mnisamehe kwa ninalosema. Wanalia kwa sababu wameingia mle ndani wakiwa na swali moja tu kichwani, "jibu linatakiwa liwe ngapi?" Wangeingia na swali lingine kabisa: hapa nina uhakika na nini? Rudieni na mimi. Hapa nina uhakika na nini? Hilo ndilo nililokuja nalo leo na nitalirudia mpaka mlichoke.

Niwape kisa. Kuna shule moja mkoa huu huu, siitaji na msinipigie kelele niitaje, darasa zima walifanya taitresheni ya asidi ya haidrokloriki na sodiamu kaboneti. Mwalimu alishawaandalia: asidi 0.1 M, yaani mole 0.1 kwa kila lita, na mole ni kipimo chetu cha idadi ya chembe, kaboneti 0.05 M, na pipeti, ule mrija wa kupimia ujazo mmoja kamili, ya sentimita za ujazo 25, na namba za ujazo zinazofuata ni hizo hizo. Wanaojua hesabu mmeshaona jibu, mole moja ya kaboneti inakula mole mbili za asidi, kwahiyo bureti inatakiwa isome 25 hivi. Wakaanza. Wa kwanza akapata 28.4. Wa pili 28.5. Wa tatu 28.5. Darasa zima wamekaa hapo hapo kwenye 28 na nusu, yaani wamekubaliana vizuri kuliko kamati ya harusi. Mwalimu akazunguka akaangalia akasema hapana, mmekosea wote, andikeni 25. Na wakaandika! Vitoto vimepima vizuri, vimesoma vizuri, vimerudia vikapata kile kile, alafu vikafundishwa kuandika uongo.

Kosa lilikuwa wapi? Nani anajua? Binti pale anasema asidi ilikuwa dhaifu. Umekaribia sana. Asidi ilikuwa dhaifu ndio, lakini kwa nini iwe dhaifu wakati mwalimu alipima vizuri, alichukua zile sentimita za ujazo 8.6 za asidi kali kutoka kwenye chupa, akazitia kwenye maji, maana asidi ndio inaingia kwenye maji na sio maji kwenye asidi, akajaza mpaka lita moja. Kila kitu kimenyooka. Ila maji yenyewe aliyatoa wapi?

Bombani. Na bomba la mjini hapa linavuta wapi?

Ehee! Ziwani. Sasa wanangu, Ziwa Tanganyika mnaliogelea tangu mkiwa wadogo, mnalijua kwa dagaa na migebuka, lakini mmewahi kulijua kwa kemia? Maji ya ziwa hili ni ya kibesi, yaani kinyume cha asidi. Ph yake, kile kipimo ambacho 7 ni katikati, chini yake asidi na juu yake besi, inacheza kwenye 9 hivi, juu kidogo chini kidogo. Yamejaa baikaboneti na kaboneti zilizoyeyuka, na ukiyapima uwezo wake wa kula asidi unapata lita moja ya maji inameza kama milimole 6.5 za asidi, elfu moja zake ndio mole moja, kabla haijakubali kushindwa. Umeiweka asidi yako ya milimole 100 kwenye lita ya maji hayo, ziwa likachukua chake kwanza, 6.5, umebaki na 93.5. Chupa imeandikwa 0.1 M, ndani kuna 0.0935. Na kaboneti nayo aliiyeyusha kwenye maji yale yale, kwahiyo yenyewe ikaongezewa nguvu. Asidi imepungua, besi imeongezeka. Pigeni hesabu wenyewe mkifika nyumbani, inakuja 28.5 kasoro kidogo sana. Watoto walikuwa sahihi mpaka kwenye desimali!

Dawa yake ni nini? Kwanza maji yaliyochemshwa mvuke wake ukakamatwa, yaani maji ya distila. Hamna distila? Maji safi ya mvua, bati lishaoshwa na mvua ya mwanzo ndio uanze kukinga, na Kigoma mvua hatujawahi kulalamika. Au yale ya kujazia betri za gari dukani, ya kujazia nimesema, sio asidi yake, msije mkanifungisha. Na hata hayo usiyaamini kwa sura. Chukua 100 ya maji peke yake, tia matone mawili ya MO, yaani methili orenji, dawa inayogeuza rangi asidi ikizidi, dondoshea asidi yako uone inakunywa kiasi gani. Maji mazuri tone moja tu limegeuza rangi. Ya ziwa yatakunywa asidi ya 0.1 kama sentimita za ujazo 6 na nusu ndio yageuke. Dakika tano tu, na umeshajua kitu ambacho lile darasa zima halikujua.

Basi na uhakika unaanzia wapi? Asidi ya haidrokloriki huwezi kuiamini kwa lebo, inatoa mvuke chupa ikikaa wazi. Kostiki soda, yaani sodiamu haidroksaidi, ile besi kali ya sabuni, nayo ndio kabisa, nitaisema baadae. Unaanzia kwenye kitu kikavu, kisafi, kinachopimika kwenye mizani na kisichobadilika ukikiangalia. Kwa mashule yetu hicho ni sodiamu kaboneti ile kavu, isiyo na maji ndani yake. Ikaushe kwenye oveni, ipoe kwenye chombo kisichoingiza unyevu, pima gramu 1.325, yeyusha, jaza mpaka 250 kwenye flaski yenye alama shingoni. Gramu 106 ndio mole moja, kwahiyo hapo una mole 0.0125 ndani ya robo lita, yaani 0.05 M. Hapo ndio una uhakika. Sasa ipeleke kwa asidi yako usiyoiamini. Tuseme 25 ya kaboneti imekula asidi 24.40. Kaboneti pale ni mole 0.00125, asidi mara mbili yake, 0.0025, gawa kwa lita 0.0244, unapata 0.1025 M. Hiyo namba iandike kwenye chupa pamoja na tarehe. Ile 0.1 ya mwanzo ifute. Hii 0.1025 msiisahau, tutaitumia na kina mama.

Haya, tuje kwenye mikono na macho. Hapa nitakimbia, walimu wenu wameshawachosha nayo, ila yapo mawili matatu ambayo watu wanayashika bila kujua sababu na asiyejua sababu akiingia kwenye pepa anachanganya.

Bureti unaisuuza na nini? Na kile kitakachokaa ndani yake. Pipeti hivyo hivyo. Na flaski ya chini? Wengine wamesema na kile kitakachokaa ndani yake. Mmeingia chaka! Flaski inasuuzwa na maji tu, na ikibaki na majimaji haina shida. Kwa nini? Kwa sababu ukishamimina 25 za pipeti mle ndani, idadi ya mole imeshafungwa. Ukiongeza maji hujaongeza hata chembe moja ya besi, ndio maana unaruhusiwa kumwagia maji ukutani mwa flaski katikati ya kazi. Lakini ukiisuuza flaski na ile besi yenyewe, masalia yanaongeza mole ambazo hujazihesabu. Ukielewa hilo moja hutakariri tena maisha yako yote.

Faneli itoe juu ya bureti kabla hujaanza, inadondosha tone wakati wewe umeshasoma. Kapovu ka hewa kwenye ncha ya chini kafukuze, maana kakitoka katikati ya kazi bureti itasema umetumia asidi ambayo haijaingia popote. Macho yawe usawa wa mstari, soma chini ya ule mbonyeo wa uso wa kimiminika. Karatasi nyeupe chini ya flaski. Pipeti usiipulize ile tone ya mwisho inayobaki, ilipotengenezwa walishaitoa kwenye hesabu. Na pipeti ya kostiki usivute kwa mdomo, nasema tena, usivute kwa mdomo, tumieni kile kipira, kama shule haina kipira semeni, kuna watu wameunguza koo.

Usomaji: bureti ina mistari ya 0.1, jicho linaweza kugawa katikati, kwahiyo unaandika 21.35 au 21.40, hauandiki 21 tu ukaondoka. Tone moja lenyewe ni kama 0.05. Ya kwanza fanya haraka haraka kujua maeneo, hiyo usiiingize kwenye wastani. Zinazofuata zikaribiane ndani ya 0.1 mkiweza, zikipishana zaidi ya 0.2 rudia. Na nikija kukagua daftari nikakuta 25.00, 25.00, 25.00, huyo nitamwita ofisini. Mikono ya binadamu haifanyi hivyo. Data ya kupika inajulikana kwa uzuri wake uliozidi.

Indiketa sasa, yaani zile dawa za rangi zinazokuonyesha umefika. Mnazo mbili, POP na MO. POP ni ile fenofthaleini, na hapa niwachomekee kitu maana tuko Ujiji. Mwaka 1871 mnaujua? Mnaujua, mmeshapeleka wageni pale kwenye mnara chini ya miembe, Stanley anamkuta Livingstone. Mwaka huo huo 1871 huko Ujerumani mkemia Adolf von Baeyer ndio alitengeneza fenofthaleini kwa mara ya kwanza. Haihusiani kabisa, lakini mwaka hamtausahau tena.

POP inageuka kati ya ph 8.3 na 10, haina rangi kwenye asidi, pinki kwenye besi. MO inageuka kati ya 3.1 na 4.4, nyekundu kwenye asidi, njano kwenye besi, na unatakiwa usimame kwenye ile rangi ya chungwa. Zikikutana asidi kali na besi kali unaweza kutumia yoyote, kwa sababu mwishoni ph inaruka kwa tone moja, inapita kwenye maeneo ya zote mbili. Shida inakuja mmoja wao akiwa dhaifu. Siki ya dukani, asidi yake ni dhaifu, ukiitia MO na kuidondoshea kostiki itageuka njano wakati haijafika hata nusu ya safari, theluthi tu, na wewe unashangilia umemaliza. Siki ni POP, sio mjadala. Kaboneti ukitaka uimalize yote ni MO. Matone mawili au matatu yanatosha, kuna watu wanamwaga indiketa wakidhani rangi ikikolea ndio maksi zinakolea, wakati indiketa yenyewe nayo ni asidi au besi dhaifu, inakula sehemu ya kipimo chako. Na pinki ya POP ukiiacha kwenye meza itafifia yenyewe, hewa ina kabondayoksaidi inaingia. Ikidumu nusu dakika umefika, usiendelee kuongeza.

Sasa hesabu. Mnapenda sana ile fomula, MaVa juu ya MbVb ni sawa na 'na' juu ya 'nb', M ni nguvu, V ni ujazo, n ni idadi ya mole kwenye mlinganyo, a ya asidi, b ya besi. Mimi siichukii, lakini nimeona watu wengi wanaigeuza kichwa chini miguu juu, alafu wanapata jibu mara nne ya lile sahihi na hawashtuki. Mimi nawaomba mwende kwa mole. Anza na unachokijua kwa uhakika, kigeuze kiwe mole. Angalia mlinganyo, moja inakula ngapi. Umepata mole za usichokijua, gawa kwa ujazo wake kwa lita. Hatua tatu, hazina juu wala chini.

Hapo kwenye "moja inakula ngapi" ndipo pana ajali. Asidi ya haidrokloriki imebeba abiria mmoja, salfuriki imebeba mishikaki, wawili nyuma. Mmecheka, mmeelewa. Kila molekuli moja ya salfuriki inashusha haidrojeni mbili, kwahiyo kostiki 25 ya 0.1 M inamalizwa na salfuriki 12.5 tu ya 0.1 M. Msipoandika mlinganyo kwanza mkaulinganisha, hamtaona abiria wa pili. Na kama umezimua, kumbuka umezimua! Siki unachukua 25 unaifanya 250, unapipeti 25 ya hiyo, kostiki ya 0.1 inaingia 20.80. Siki iliyozimuliwa ni 0.0832 M, lakini ile ya chupani ni mara kumi, 0.832 M, zidisha na 60, gramu za mole moja ya asidi ya siki, unapata gramu 49.9 kwa lita, yaani asilimia 5, na ukigeuza chupa mgongo wake ndivyo imeandikwa. Ukisahau ile mara kumi umewatuhumu wenye siki kuuza maji.

Sasa mama zangu. Asanteni kwa uvumilivu, zamu yenu imefika.

Kuna mama mmoja anatengeneza sabuni kwa mawese, wengine mnamjua, ameniruhusu niseme ila sio jina. Sabuni zake zilikuwa zinasifika, ngumu, povu zuri. Masika moja zikaanza kutoka laini, zinateleza mafuta, zikikaa zinatoa jasho. Akaambiwa mawese yamechanganywa. Akabadilisha mawese. Bado. Akaambiwa mwezi mchanga. Akangoja mwezi upevuke. Bado! Mpaka akaambiwa kuna mtu anamfanyia, na alikuwa ameshaanza kununa na jirani yake. Alipokuja kwangu nikamuuliza hilo hilo la asubuhi hii: mama, hapo una uhakika na nini? Akasema nina uhakika na kostiki, maana ni ile ile, nilinunua mfuko mkubwa nikawa nachota humo humo.

Mnaona? Kitu pekee alichokuwa na uhakika nacho ndicho kilichobadilika.

Kostiki soda inavuta unyevu wa hewani, mmeiona inavyotoa machozi ikiachwa wazi. Hiyo ni mbaya lakini ni nusu ya ubaya. Inavuta pia kabondayoksaidi, na inageuka taratibu kuwa sodiamu kaboneti, yaani magadi. Kwa macho ni nyeupe vile vile. Na magadi hayageuzi mafuta kuwa sabuni inavyofanya kostiki, yanakaa tu humo.

Tukapima gramu 4 za ile kostiki, tukayeyusha tukajaza lita moja kwa maji ya distila. Ingekuwa safi ingekuwa 0.1 M kamili. Tukapipeti 25, tukatia POP, ikawa pinki. Bureti tukajaza ile asidi yetu ya 0.1025 M. Sasa fungueni masikio vijana, hapa ndio raha ya kemia ilipo. Pinki ikapotea kwenye 20.00. Hapo kostiki yote imeisha, lakini kaboneti imefika nusu ya safari, imekuwa baikaboneti tu. Hatukumwaga. Kwenye flaski ile ile tukadondosha MO, ikawa njano, tukaendelea na asidi, ikafika rangi ya chungwa kwenye 22.00. Hizo 2.00 za mwisho zimefanya kazi gani? Zimemalizia nusu ya pili ya kaboneti. Kama nusu ya pili imekula 2.00, nusu ya kwanza nayo ilikula ngapi? 2.00, sawa sawa. Kwahiyo kaboneti peke yake imekula 4.00. Toa kwenye 22.00, kostiki halisi imekula 18.00.

Haya, mole. Lita 0.018 mara 0.1025 ni mole 0.001845 za asidi, moja kwa moja, na za kostiki ni hizo hizo, ndani ya 25. Kwa lita ni 0.0738. Mara 40, gramu za mole moja ya kostiki, ni gramu 2.95. Kwenye gramu 4 alizonunua, kostiki ni 2.95, kama asilimia 74. Magadi je? 2.00 mara 0.1025 gawa kwa 25 ni 0.0082 M, mara 106 ni gramu 0.87. Jumlisha, 3.82. Gramu 0.18 zilizobaki ni nini? Maji aliyonunua kwa bei ya kostiki, ama tuseme aliyoyakaribisha mwenyewe kwa kuacha mfuko wazi masika yote. Bureti moja, indiketa mbili, mfuko umeeleza kila kilichomo.

Na kama tungetumia MO peke yake? Tungesoma 22.00 tu, tungesema kostiki ni asilimia 90, tungemwambia mama kasoro ni ndogo nenda kaendelee. MO haijali kama ni kostiki au kaboneti, inazihesabu zote. Ndio maana nakasirika mtu akiniambia indiketa yoyote sawa.

Kilo moja ya mawese inahitaji kostiki safi kama gramu 141 ili yote yawe sabuni, na mtengenezaji mwenye busara anapunguza kidogo ili mafuta yabaki kidogo, yasiunguze ngozi. Mama alikuwa anapima 141 vizuri kabisa kwenye mizani, lakini ndani yake kulikuwa na 104. Robo ya mafuta haikupata wa kuyageuza, ndio ule utelezi na lile jasho. Kwa mfuko ule angehitaji 191 kupata 141 ya kweli. Ila mama zangu nawasihi, msiende nyumbani mkaongeza 50 kwa kila mtu! Mfuko wako sio mfuko wake. Kostiki ikizidi sabuni inachuna mikono na watoto wataoga nayo. Pima kwanza. Na mfuko ukifunguliwa hamishia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, sio sufuria ya alumini, kostiki inaila. Jirani ameshasuluhishwa naye, mimi mwenyewe nilikunywa chai pale.

Vijana mnaniangalia mnajiuliza hii itatoka kwenye mtihani? Sijui na sijali sana. Taitresheni haikuzaliwa kwenye chumba cha mtihani. Mfaransa Descroizilles, huko Rouen karne ya 18 ikiishia, alikuwa anapima nguvu ya dawa za kung'arisha vitambaa viwandani, watu wasiunguze nguo wala kutupa hela. Wafanyabiashara ndio waliokuwa na haraka ya jibu, sisi wa vidato tumekuja nyuma.

La mwisho, maana naona wali unanukia. Mawese yenyewe nayo yana asidi. Chikichi zikichunwa, zikagongwagongwa, zikakaa kwenye lundo siku kadhaa ili zipukutike kirahisi, kuna kimeng'enya ndani ya tunda kinaanza kuyavunja mafuta na kuachia asidi huru. Ukizichemsha mapema kimeng'enya kinakufa na mchezo unaishia hapo. Wanunuzi wakubwa wengi wanataka asidi huru isizidi asilimia 5. Unaipimaje? Pima gramu 2.5 za mawese, yeyusha kwenye spiriti ya moto ambayo umeshaiondolea asidi yake kwa tone la kostiki, weka POP, dondoshea kostiki ya 0.1 M huku unatikisa sana. Ikiingia 4.90, zidisha 4.90 kwa 0.1 kwa 25.6 gawa kwa 2.5, unapata 5.0. Hiyo 25.6 inatoka kwenye asidi ya palmitiki, mole yake ni gramu 256, kwa sababu ndio tunayoihesabia. Mafuta mengine yana namba nyingine. Na ugumu wake mmeshauona? Mawese ni mekundu! Pinki utaionaje kwenye wekundu? Punguza mafuta, ongeza spiriti, weka pembeni flaski ya pili yenye mafuta yale yale bila kostiki ulinganishe nayo, na angalia ile tabaka ya spiriti juu, usiangalie mafuta. Spiriti inawaka, kwahiyo mvuke wa maji ya moto ndio uipashe, hakuna jiko la mkaa karibu.

Wanaotaka kupimiwa mawese leteni kwenye chupa ya kioo kavu, mkiandika lini chikichi zilichunwa na lini zilichemshwa, bila hizo tarehe namba nitakayokupa haitakusaidia kitu. Haya, maswali, na wewe kijana uliyekuja na maji ya kisima cha Mwandiga kwenye chupa usiyanywe, njoo nayo mbele tuanze na hayo.